Njia ya Ngazi

Ngazi haikuwa yangu. Niseme mapema.
Wodi ya wazazi ya Tukuyu niliichora mimi,
Iringa, chumba cha juu, Gangilonga:
kuta, milango, madirisha yanayoipa mvua mgongo.
Ila ngazi ilikaa Uyole,
ndani ya faili la mhandisi Anyitike Mwaisaka.
Kwangu palikuwa na kiungo tu,
uzi wa maandishi: Kazi, Tukuyu, Ngazi.

Alikuwa mtu wa usiku.
Nalala, ngazi iko hapa.
Naamka, napakia upya, imesogea upana wa kidole,
na simu yake inafuata: "Umeiona?"
Nimeiona, kaka. Hata salamu hujanipa.

Machi akafa. Presha, walisema.
Tulimzika kwao Rungwe, kwenye udongo mweusi
uliong'ang'ania viatu;
nilirudi nao hadi Iringa, sikuufuta upesi.

Jumatatu nikafungua wodi.
Pale pa ngazi, shimo.
Mstatili mweupe, alama ya mshangao ya njano,
na sentensi isiyojua kutoa pole:
Faili halijapatikana.
Nikachapa hivyo hivyo, kazi ilidaiwa.
Fundi Sanga akapiga kutoka saiti:
"Dada, wajawazito watapaa?"

Ningeweza kuchora nyingine. Mchana mmoja tu.
Mkono ulifika kwenye kipanya, ukakaa.

Nikampigia Tumpe, bintiye, yuko kidato cha tatu.
Kompyuta ya baba inawaka bado?
Inawaka. Tunachajia simu.
Umegusa chochote?
Kimya. Nyuma yake kuku, bati, mvua.
"Nilibadilisha jina la folda tu, shangazi.
Iliandikwa Kazi.
Nimeandika Vitu vya Baba."

Basi nikaielekeza njia upya, herufi kwa herufi:
Vitu vya Baba, Tukuyu, Ngazi.
Ikarudi. Si ile niliyoijua.
Vidato kumi na tisa vimekuwa ishirini na viwili,
kila kimoja kimeshushwa hadi sentimita kumi na tano;
imemeza nusu ya stoo yangu ya mashuka.
Na kando, kwa herufi za kusoma kwa kukodoa:
mwenye uchungu hanyanyui mguu juu.
Nitamwambia Twilumba kesho.

Programu ikauliza, kwa adabu ya mashine:
uipachike ngazi ndani ya faili lako, iwe yako,
au uiache iliko, ikuitikie kutoka huko?

Nilitazama ukuta wa stoo.
Nikausogeza kwanza.
Mashuka yatapata pengine.
Halafu nikabofya: iache.

Tumpe, nikamwandikia, usilibadilishe tena lile jina.
Akajibu baada ya saa nzima:
Sitalibadilisha.
Na umeme ukikatika, je?