Nusu ya Doti

Mita moja na nusu, walisema watu wa afya,
lakini futi ya Kassim seremala
iliazimwa Gikomba tangu Machi, haikurudi.
Nikaenda nyumbani, nikafungua kasha.
Kanga ya mama, ncha hadi ncha:
mita moja na nusu, kasoro nyuzi mbili tatu.

Ndivyo nilivyoupima msikiti wetu wa Majengo,
asubuhi, madirisha yote wazi,
zulia limekunjwa, limesimamishwa ukutani
kama mtu aliyeambiwa asubiri.
Nalaza kanga, napiga chaki, nainua, nalaza tena.
Hamadi wa Bi Nuru ameshika pindo la pili,
na kila tukiilaza analisoma jina lake kwa sauti:
TULIO MBALI TWASIKIZANA.
Mara ya kumi nikamwambia, basi,
soma kimoyomoyo.

Idi iliyotangulia, ile ya mfunguo mosi,
mwezi uliandama tukiwa ndani.
Kafyu ilikuwa saa moja;
waliopanda mabati kuutafuta
walishushwa kwa filimbi.
Mama alikwisha kuipiga kanzu yangu pasi ya makaa,
kaitundika mlangoni. Vaa, akasema.
Nivae niende wapi?
Kutoka chumbani hadi sebuleni, akasema, nayo safari.

Tukaswali watano juu ya mkeka mmoja,
mimi mbele, mimi ambaye sijawahi kuwa imamu hata wa paka.
Takbira zikanipotea, nikahesabu kwa vidole.
Mwanamke hupiga kofi kumkumbusha imamu;
yeye alikohoa.
Baada ya salamu tulicheka hadi machozi.
Kikohozi bado kilikuwa kitu cha kuchekea.

Mkate wa sinia aliukata vipande kumi na viwili.
Nikaviweka vizingitini, nyumba kwa nyumba,
nikagonga, nikarudi nyuma hatua kadhaa
kama mdaiwa.

Jina lake Mwanaidi,
alizaliwa siku kama hiyo, mbalamwezi ya zamani.
Mfunguo pili ulipoingia, gari lilimpeleka Mbagathi
na sisi tukabaki na simu.
Kariakor tulikwenda kumi na watano, askari akituhesabu,
akatuhesabu tena tulipotoka, kana kwamba
mmoja wetu angetoroka na kubaki kule.
Wale wa mavazi meupe walikubali jambo moja tu:
nusu ya doti ikafunika jeneza.
Nusu nyingine ndiyo hii.

Sasa vinyozi wamefungua, wamevaa vioo usoni,
mahamri yanauzwa kwa dirisha,
na pale bombani kila mtu ananawa
kama anayesamehewa kitu.
Msikiti nao: watu mia, saa moja tu,
chini ya miaka kumi na mitatu hapana,
juu ya hamsini na minane hapana.
Muadhini wetu Sefu Mabruki ana sitini na mmoja.
Idi ya mfunguo tatu aliadhini Alfajiri mlangoni,
akavaa viatu vyake, akaenda zake kuswali kwake.
Hakuna aliyemwangalia usoni.
Hamadi, miaka kumi na mmoja, alikaa nje kwenye tofali
akichunga viatu vya watu mia,
alama alizochora mwenyewe
wakizikanyaga wengine.

Tukasimama. Kati ya mtu na mtu,
kanga moja.
Sikumwambia yeyote.
Jirani yangu wa kulia, mgeni, alikuja bila mswala;
nikamsukumia wangu kwa mguu.
Begani nilikuwa nayo ile kanga, safi, imekunjwa mara nne.
Sikuitandika.
Nikasujudu juu ya saruji, baridi ya Julai,
pua karibu na msalaba wa chaki.

Nilipotoka Hamadi alinikodolea, akaelekeza kidole:
Una kitu hapo, kwenye paji.
Najua, nikasema.
Nikatafuta viatu vyangu.
Sikuifuta mpaka chai.