Nafasi ya Arobaini na Mbili

Ipyana aliileta Jumanne, kaifunga kwa kanga ya msibani
iliyokuwa bado inanuka moshi wa mbalaga.
"Mama alisema apewe yule mbishi wa dawati la nyuma."
Nikacheka. Kisha nikaona aibu, tanga halijaanuliwa.

Nje ukungu, walisema. Mimi ukungu wa Tukuyu naujua
kwa baridi inayopenya kolani
na kwa bodaboda wanaopiga honi pasipo kona.

Nikasogeza swichi. Ikaongea,
yaani ikamwagika, gunia la maharage limepasuka stendi,
nami sikudaka hata punje.
Kasi: tisa kati ya kumi.
Mwalimu, ulikuwa unakimbilia wapi?
Wewe uliyetugonga vidole kwa rula: taratibu,
nukta haina miguu, haiendi popote.

Tisa nikaishusha. Saba. Tano. Tatu.
Ndipo nikasikia inachosema kila inapoamka:
"Karibu, Tampeili."
Lafudhi ya mgeni aliyeshuka basi Uyole
akauliza bahari iko upande gani.

Nikazima alama za uandishi, maana ilinisomea
ng ritifaa ombe mkato mbuzi mkato kondoo mkato
mpaka zizi zima likawa la vilema.
Siku ya pili nikaziwasha tena.
Mikato yake ilikaa pale alipozoea kuvuta pumzi;
bila hiyo, barua zake zilikuwa za mtu yeyote.

Halafu ikalalamika: nafasi imebaki asilimia mbili.
Nikaagiza kadi Mwanjelwa, kijana akaapa kwenye simu,
"Orijino, mzee. Ikifa, nirudishie maiti."
Usiku mzima nahamisha.
Alama za darasa la sita, miaka kumi na moja.
Madeni ya duka la ushirika: sukari, sukari, betri, sukari.
Faili moja linaitwa Mvua. Nikalifungua:
dakika kumi na mbili za mvua juu ya bati,
na karibu na mwisho, mtu anakohoa.
Kila faili mashine inauliza, una hakika?
Kwa sukari, ndiyo. Kwa alama, ndiyo.
Mvua nikaiacha ndani ilipo.
Kiapo cha Mwanjelwa sikiamini kiasi hicho.

Chini ya Sauti, chini ya Lugha,
kuna mlango ambao wengi hawaufikii:
Kamusi ya Matamshi.
Hapo unaifundisha: ukiona hivi, sema hivi.
Rungwe. Kiwira. Ng'ombe, hatimaye mzima.
Kisha watoto.
Gwakisa. Syabumi. Lusajo. Anyosisye
aliyehamia Makete akawa fundi viatu.
Darasa letu lote, na madarasa yaliyotufuata,
na nafasi ya arobaini na moja, ya mwisho kabisa,
kana kwamba alisita au alinihifadhi:
Angolwisye.

Jina ambalo karani wa benki hulikwepa,
huniita "wewe wa fimbo".
Pembeni yake majaribio matatu, hakuyafuta:
Ango-luisye.
Angol-wisye.
A-ngo-lwi-sye.
Nikamsikia, usiku wake, anabonyeza, anasikiliza,
anasonya, anabonyeza tena,
mtu wa kasi ya tisa kwa kila jambo.
Na mimi niliyedhani alinijua kwa kelele tu.

Nikapekua mpaka chini. Yeye mwenyewe hayumo.
Asubuhi ngapi hizo? "Karibu, Tampeili,"
naye akaitika akaanza kazi.

Nafasi mpya. Naandika: Tum-pa-le.
Inasema, Tampali.
Umeme umekatika tangu saa mbili, betri ina robo.
Nafuta a. Naandika: Tuum-paa-le.
Inasema, Tuumpali.
Bado.
Nasonya.