Dodoso la Mia Sita na Kumi na Tatu

Miaka thelathini na moja nimebeba swali moja
kutoka Mlimani hadi Mbagala, Buguruni, Gongo la Mboto,
na kibali chenye mihuri mitatu
na boksi la penseli nilizochonga usiku.

Walimu wakuu walinipokea kwa chai na chapati.
"Uonevu? Hapa kwetu haupo, Dokta Atuganile.
Watoto wanataniana tu."
Nje ya dirisha mvulana mmoja alipita
amebeba mabegi saba.

Utani.
Neno hilo lilinila kurasa tisini za tasnifu.
Mtani wangu, siku nikifa, ataingia msibani na kelele,
atajilaza kaburini kabla yangu, atadai chochote ndipo atoke,
na dada zangu watacheka huku wanafuta machozi.
Utani una mkataba, na kesho zamu ni yangu.
Lakini mtoto anayefungiwa chooni
saa ya uji, muhula mzima,
zamu yake ya kucheka ni lini?
Niliuliza hivyo mbele ya jopo.
Profesa mmoja akatazama saa.

Basi nikahesabu.
Moja, hapana. Mbili, mara chache. Tatu, kila wiki. Nne, kila siku.
Kuna aliyeandika pembeni, pasipoulizwa kitu:
"wananiita Jenereta, kwa ajili ya kifua changu."
Kompyuta haikuwa na safu ya Jenereta.

Kopi zote alinitolea Hamdani Pazi,
kibanda cha Savei, jirani na muuza mihogo,
akilamba kidole gumba, akihesabu karatasi kama noti.
"Bado wanaoneana, Dokta?"
"Bado."
"Basi biashara ipo."
Tulicheka. Miaka kumi na tisa, mzaha ule ule.

Masika moja, Jangwani pamefungwa kwa maji,
nilimwachia yaliyojazwa anitolee nakala za akiba.
Niliacha mia sita na kumi na mawili.
Nikachukua mia sita na kumi na matatu.

La mwisho lilisema umri: 54.
Darasa: la tano B.
Shule: ilivunjwa, sasa ni kituo cha mafuta.
Swali la nane, umewahi kuonewa? Moja.
Swali la tisa, umewahi kumwonea mwenzako? Nne.
Na chini, kwa herufi za mtu aliyezoea kuandika bei:
ALIITWA SEFU MNDOLWA. ALIKUWA NA KIGUGUMIZI.
TULIMTOZA SENTI KUMI KILA NENO LILIPOKWAMA.
AKAACHA KUONGEA. HALAFU AKAACHA KUJA.

Kanuni naijua, nimeifundisha:
kisichokuwa ndani ya sampuli, ondoa.
Nikaliondoa.
Makala ikachapishwa, mia sita na kumi na mawili,
majedwali manne, shukrani kwa wafadhili.

Nilipokwenda kulipa hakuinua macho.
Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni.
Nikasema, "Kopi zimetoka safi."
"Wino mpya," akasema.

Wiki iliyopita wamenistaafisha
kwa saa ya ukutani na vitenge viwili.
Mafaili yameshushwa stoo, mchwa wayasome.
Karatasi moja nimetoka nayo kwenye mkoba,
nikateremka nayo hadi Savei kwa miguu,
kunguru wakigombania maganda ya mihogo.

"Moja tu," nilimwambia.
Aliishika. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na mimi sikuwahi kuziona zikibadilika.
Aliisoma kama vile imeandikwa na mtu mwingine.
"Hii uliihesabu wapi?"
"Nje, Hamdani. Niliiacha nje."
"Nje," akasema. "Hata yeye tulimwacha huko."

Akafunika mashine. Mwanga ukapita
chini ya kifuniko, ukarudi.

"Shilingi mia, Dokta."
Siku hiyo hakutania.