Karani wa Mizani

Miaka thelathini na mmoja nilipima kahawa ya watu
ghalani, chini ya stesheni ya Moshi.
Cha kwanza unafundishwa kutoa uzito wa gunia:
gunia si kahawa.
Cha pili, usiegemeze kiganja.

Krismasi hii, kule Mbokomu, mbuzi akiwa bado jikoni,
Aikaeli akaanza tena. Wadachi, akasema,
walichoma ghala zetu za ulezi, wakatundika watu.
Shemeji Kileo akaweka chini kata ya mbege:
Na Waingereza wenu? Wapagazi wangapi
walianguka njia ya Kahe, mzigo ungali kichwani,
na nani aliwahesabu?
Nyinyi ndio mlianza.
Nyinyi ndio mlimaliza.
Watoto wakacheka, wakidhani ni habari za mpira.

Kila mmoja alileta maiti wake
kama mkulima aletaye gunia la kuazima
kufidia pungufu la lake.

Nilinyamaza. Babu mzaa baba, Ndekirwa,
alivaa tarbushi ya Mdachi.
Babu mzaa mama, Mlatie,
aliwaongoza Waingereza kufuata mifongo
hadi migombani kwa watu aliowajua kwa majina.

Bibi Nderimo alijilaza ndani ya mfongo mkavu,
kiganja chake juu ya kinywa cha kichanga.
Wa kwanza walimchukua Ngilisho, eti kaficha mahindi.
Hakurudi.
Wa pili walifika baada ya wiki mbili, na daftari.
Wale wamekutenda nini, mama?
Wakaandika yote, kwa huruma, kwa wino mweusi,
kisha wakamchukua Kisanga abebe masanduku ya risasi.
Hakurudi.
Kama Ndekirwa alikuwa miongoni mwa wale wa kwanza
Bibi hakusema, nasi hatukuuliza.
Kichanga kile ni baba yangu. Mpaka anazeeka
hakuvumilia shuka kumfunika uso.

Nikiwa mwanafunzi, na ujinga wa mwanafunzi,
nilimwuliza Bibi: wepi walikuwa wabaya zaidi?
Aliendelea kumenya ndizi.
"Unataka nikuuzie mmoja kwa bei ya mwingine,"
akasema, akanituma kuni.

Usiku mmoja mwaka wa sabini na nane,
redio ya mlinzi ikituhesabia maovu ya adui
na vijana wetu wakipakiwa kwenye malori,
nilibaki ghalani peke yangu.
Nikaweka juu ya mizani kifungo cha koti la Ndekirwa.
Mshale haukutikisika.
Nikakiondoa, nikaweka nishani ya Mlatie.
Haukutikisika.
Vyote viwili. Wapi.
Mizani ya magunia haioni vitu vidogo,
na nilikaribia kufurahi.

Halafu, sijui kwa nini,
nikavitia mfukoni, nikavua viatu,
nikapanda mwenyewe.