Baba Yake Alimwaga Saruji

Mimi ni fundi saruji. Nimemwaga
vijia, gereji, sakafu za maghala,
na nyuma ya nyumba yetu kule Lubbock,
mwaka Colter alipotimiza miaka sita,
nikamwaga uwanja.
Nikausawazisha kwa ubao wa futi kumi,
nikaunywesha maji siku saba,
mistari nikaipiga kwa rangi ya barabarani.
Pale mwanangu alijifunza kwamba mpira ni risasi:
paa! na neno limekwisha.
Sikumwambia, kwa kuwa sikujua,
kwamba ziko nchi ambako risasi hupunguza mwendo,
hujinyoosha mgongo hewani,
hukusubiri uje na hoja nyingine.

Nchi yenyewe ndiyo hii. Kimji cha Umbria,
viti vya plastiki, kahawa ya kikombe cha mwanasesere,
mechi ya mchujo, watazamaji thelathini na mmoja
nikijihesabu mimi na mbwa.
Ng'ambo ya wavu yupo kijana Ferlaino,
mwembamba kama ufito, hana pigo la kutisha.
Ana subira, basi, na subira hapa
huhesabiwa pamoja na misuli.

Colter anaanzisha. Mlio wake
unawaamsha njiwa wa kanisani.
Unarudi.
Anaupiga kwa mkono wa kulia, na Texas nzima nyuma yake.
Unarudi.
Unarudi juu, umejaa mizunguko, kimo cha sikio,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu moja moja
na kila sarafu anataka stakabadhi.

Kwetu, kila majira ya kuchipua,
magazeti huandika tanzia ileile na kubadili majina:
vijana wetu na udongo, mafuta na maji.
Magoti yao, wanasema. Papara yao. Viatu vyao.
Hakuna anayeandika: baba yake.
Udongo uwahi ungali maji.
Niliuwahi, wallahi niliuwahi,
nikaujaza saruji.

Mirella, anayekokota zulia la kusawazishia uwanja,
anatafuna ubani na kunieleza kwa vidole:
wekundu huu ni ngozi tu, milimita mbili,
matofali yaliyosagwa; chini yake chokaa, chini yake kokoto.
Matofali! Miaka thelathini nimeyajenga
yasimame. Halikunijia hata siku moja
kwamba yakivunjwa sana yanaweza kumfundisha mtu.

Seti ya tatu, nne kwa nne.
Mpira umeanguka karibu na mstari, mwamuzi kaita nje,
na hapa hakuna mashine. Anashuka ngazi,
anainama, anatafuta alama.
Saruji yangu haikuweka kumbukumbu ya chochote;
mtoto alibishana nayo miaka kumi na miwili
na hakuna aliyejua nani mkweli.
Colter kafika kabla ya mwamuzi. Ameiona.
Anaifuta kwa soli yake mwenyewe:
ulikuwa nje.

Kisha, pointi inayofuata, jambo dogo.
Ferlaino anaudondosha karibu na wavu,
Colter anakimbia kama akimbiavyo siku zote,
kisigino kwanza, mwili wa kuparamia ukuta,
na mara mguu unamponyoka, unaenda,
unaenda, naye juu yake wima,
mita mbili, labda tatu, anafika
mpira ungali unafikiri.
Sijui kama alikusudia.
Uso wake nao haukujua.

Alishindwa, saba kwa tano. Ferlaino alimkumbatia
kwa adabu ya mwenye nyumba.
Soksi zake hazitatakata tena; nimezisugua
kwenye sinki la hoteli, maji yakatoka chai.

Lakini kabla ya hapo aliomba zulia kwa Mirella
akalivuta mwenyewe, akizunguka kutoka ukingoni
kuelekea katikati, taratibu, akifuta mechi yote.
Nilipoona anakaribia ile michirizi miwili mirefu
karibu na wavu, nikasimama, nikaita:
Colter, hiyo iache!
Hakusikia. Au alisikia.
Kesho basi la saa kumi na mbili, mji mwingine,
mchujo mwingine. Ana miaka ishirini na mitatu.
Nimemuuliza Mirella tani moja ya unga huu ni bei gani.