Herufi Tano

Kangemi, saa mbili usiku. Gazeti la kufungia nyanya
lina fumbo halijajazwa. Natoa kalamu nyweleni.

Nyuki: bumba. Kuni: tita.
Zabibu ni kichala, ingawa zabibu mimi
nimeziona kwenye boksi la juisi tu.
Ndizi, herufi tano. Naandika CHANE
mkono wa kushoto ukiwa juu yake.

Baba Khavere huyo. "Nikatie mbili."
Tangu Januari ni mbili.
Zamani alibeba chane nzima akilalamikia bei.

Nakata. Utomvu unanata kisuni.
Kushuka, kumi na nne: *jina la iliyochanwa.*
Nahesabu visanduku, narudia kuhesabu.

Amesimama anangoja.
Nazifunga ndizi zake
kwa fumbo lenyewe.