Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mimi ndiye ninayewasugua.
Majina ishirini na sita ya vijana wa watu
yamechongwa kwenye jiwe lililokuja kwa meli
kana kwamba Malindi hatuna mawe,
na kila Jumatatu, kabla jua halijawa kali,
nayatoa chumvi kwa mswaki wa meno.
Kuyatamka siwezi. Vidole vyangu vinayajua:
huyu ana mkia, huyu ana nukta mbili kichwani,
huyu wa mwisho alikuwa na miaka kumi na minane.

Ubalozi hulipa kwa simu, hauchelewi.
Mkataba unasema: nyasi zisizidi kidole,
mbuzi wasiingie,
shaba ing'ae hadi mtu aone uso wake.

Juzi wamekuja wenyewe.
Tarumbeta, shada la maua ya plastiki,
balozi na jasho lake, mheshimiwa wetu na miwani mipya.
Dakika moja ya kimya; wa bodaboda hawakuambiwa.
Kisha, hatua kumi tu kutoka kwa wafu,
likafunguliwa hema la buluu: KARIBU KWETU.
Theluji kwenye skrini. Jibini la kuonja kwenye vijiti.
Wasichana wa Muyeye wamevishwa kofia za bendera
wanatunadia milima ambayo wao wenyewe hawajaiona.
"Kule kuna amani, mama. Na treni haichelewi."
Nikachukua kijitabu. Karatasi yake nzito,
inafaa kujalidia madaftari ya Nyevu.

Usiku, mkasi mkononi,
ukurasa wa kumi na tisa:
jumba la makumbusho,
mwanamume na mkewe wanacheka mbele ya kioo,
na nyuma ya kioo, wima, babu.

Usiniambie vigango vyote vinafanana.
Nilimjua kwa pembetatu zinazoshuka kiunoni,
kwa ufa wa bega la kushoto
pale beberu wa kina Kombe alipojikuna
hadi muhuhu ukalalamika.
Mwarandu wa Ngonyo, aliyebeba risasi za wazungu
vita vya Mjerumani, hadi mto asioujua jina,
akarudi na kikohozi, hakurudi na barua.
Jiwe hakupewa. Sisi tulimpa mti.
Wazee wa gohu wakammwagia mnazi,
wakamfunga vitambaa, chekundu, cheusi, cheupe,
naye akaacha kumjia baba ndotoni.
Mwaka nilipovunja ungo tuliamka tukakuta shimo
na alama za tairi.
Baba akaanza kuota tena: mzee anatetemeka, anataka nguo.
Tukadhani ni malaria.

Chini ya picha wameandika:
Afrika Mashariki. Mchongaji hajulikani.
Kiingilio euro kumi na mbili,
watoto bure.

Asubuhi hema lilikuwa bado lipo.
Kuna fomu: Ungependa kuona nini nchini kwetu?
Visanduku vya kutia alama: majumba ya wafalme,
mvinyo, michezo ya barafuni.
Na mstari mmoja mfupi: mengineyo.
Niliandika hadi pembeni, nikageuza, nikamalizia nyuma.

Babu yangu. Ukurasa wa kumi na tisa.
Mwambieni anayefuta kioo chake
amfunge kitambaa, chochote; anaona baridi.
Wenu mimi huwafunika turubai mvua ikija
na hilo halimo kwenye mkataba.

Binti aliisoma, midomo ikimcheza.
Akatazama jiwe. Akanitazama.
Akaikunja mara mbili, akaitumbukiza
kwenye sanduku la bahati nasibu pamoja na nyingine.

Nikapewa kofia.
Nimeitundika msumarini, karibu na mswaki.
Kesho Jumatatu,
na yule mwenye nukta mbili
ameshaanza kuota chumvi.